Chale za Nkambo na Tatuwaji ya Mujukuu: Imani Inakataza Nini?



Siku ya yenga asubui mu Kapata, unaweza kuhesabia makanisa kwa masikio tu. Hapa ngoma, pale gitare, mbele kidogo sauti ya muhubiri mu bafle. Mu moja ya makanisa yale, yenye sitaitaja jina, nilisikia mahubiri juu ya tatuwaji. Muhubiri alikuwa anaangalia kijana mumoja wa koro, mwenye aliandikisha jina la mama yake marehemu pa mukono. Alisoma Walawi 19, mustari wa 28, akafunga Biblia, akasema kama mwenye kuchora mwili wake amekwisha kuutoa kwa shetani. Siku ile ile kijana alitolewa mu koro.

Mimi sikumuangalia kijana. Nilimuangalia nkambo mumoja mwenye kuikala pa benchi ya mbele. Yeye ni Kachokwe wa upande wa Dilolo, alikuja huku na bwana yake mwenye alitumika mu Gécamines. Pa kipaji chake kuko alama ya musalaba yenye ilichanjwa kwa kisu mu utoto wake, na chini ya macho kuko mistari midogo. Hakuna mutu alimutukana. Lakini wakati muhubiri alisema vile, nkambo alivuta kitambaa cha kichwa mpaka karibu ya macho, na hakukiinua tena mpaka mwisho wa ibada.

Ni kile kitambaa njo kinanisukuma kuandika. Maana kama neno la muhubiri ni kweli kwa kijana, ni kweli kwa nkambo pia. Na kama si kweli kwa nkambo, basi muhubiri apaswa kutuambia tofauti iko wapi. Hakutuambia. Sasa tujaribu sisi wenyewe, pole pole.

Mustari wenyewe unasema nini?

Tusiseme kama mustari hauko. Uko. Walawi 19:28 unawakataza Waisraeli kujikata mwili juu ya wafu, na kujitia alama mu ngozi. Neno la Kiebrania la ile alama linaonekana mara moja tu mu Biblia nzima, ni pale tu. Kwa hiyo inafaa tuangalie majirani ya mustari, sawa vile unauliza majirani wakati unatafuta kujua mutu.

Mustari wa 27 unakataza kukata nywele za pembeni ya kichwa na kuharibu pembe za ndevu. Mustari wa 19 unakataza kuvaa nguo ya nyuzi za namna mbili. Muhubiri wetu alikuwa amenyoa ndevu muzuri, na kostimu yake, kama ni kama zetu zote zenye zinatoka ku soko, ilikuwa ya nyuzi mingi zenye kuchanganyika. Sisemi ile kwa kumucheka. Nasema tu kama mwenye kushika mustari mumoja na kuacha majirani yake, apaswa kueleza sababu.

Sababu iko, na ni nzuri kuliko ile yenye tulisikia. Wakati ule, mataifa ya pembeni walikuwa wanajikata wakati wa kilio, na mbele ya miungu yao. Mu 1 Wafalme 18, manabii wa Baali walijikata kwa visu kusudi mungu wao awasikie. Kumbukumbu la Sheria 14:1 inakataza tena kujikata juu ya mufu, na inaanza na kuwakumbusha Waisraeli kama wao ni watoto wa Bwana. Njo mzizi wa neno. Mungu haogopi kisu wala wino. Anauliza: kwa ile alama, wewe ni wa nani?

Kisha, wakati watu wasio Wayuda walianza kuamini, mitume walikusanyika kule Yerusalema juu ya kujua sheria gani iwekwe pa mabega yao. Matendo ya Mitume 15 inataja vitu vinne: vyakula vyenye kutolewa kwa sanamu, damu, nyama ya kunyongwa, na uasherati. Alama ya ngozi haimo.

Lakini tuwe wa kweli na ku upande mwingine. Vijana wanapenda kuleta Wagalatia 6:17, pale Paulo anasema juu ya alama za Yesu mu mwili wake. Zile hazikuwa tatuwaji. Zilikuwa makovu ya fimbo na mawe yenye alipigwa juu ya Injili. Wanaleta tena Isaya 49:16, pale Mungu anasema kama amechora watu wake mu viganja. Ile ni mufano wa upendo, haiko ruhusa ya kwenda kwa mwenye sindano. Na 1 Wakorinto 6, yenye wahubiri wanaleta kila mara juu ya mwili kuwa hekalu, pale Paulo anazungumuza juu ya uasherati. Lakini fundisho lake linaenea mbali: mwili wako haiko kitu cha kuchezea. Nitarudia pale.

Wakristo wenye walijitia alama

Mutu anaweza kusema: sawa, lakini Kanisa lilikataza sikuzote. Hapana. Wakopti wa Misri, Wakristo wa zamani sana mu Afrika yetu, wanaandika musalaba mudogo pa mukono mpaka leo. Mu Etiopia na Eritrea, wanamama wengi wa Kikristo wako na musalaba pa kipaji. Wasafiri wenye walienda kusali Yerusalema, miaka mingi sana, walirudi na alama mu ngozi kuonyesha kama walifika.

Mu mwaka 786, wajumbe wa Papa Adriano wa Kwanza walifika Uingereza, na taarifa yao ilizungumuza juu ya jambo hili hili. Walipambanua muzuri: mwenye kuvumilia ile alama juu ya Mungu atapata sifa, mwenye kuifanya kwa ushirikina wa kipagani, haitamufaa kitu. Angalia, ni zaidi ya miaka 1200, na walikwisha kuuliza swali lenye muhubiri wetu hakuuliza. Na mu Marsi 2018, kule Roma, seminari mumoja wa Ukraine alimuuliza Papa Fransisko juu ya tatuwaji mbele ya vijana wenye walikusanyika. Papa alimujibu kama wasiogope tatuwaji, na alitoa mufano wa Waeritrea wenye kuwa na musalaba pa kipaji. Aliongeza kama kuko kupita kiasi, lakini alama inaweza kuwa mulango wa kuanza mazungumuzo na kijana.

Ndugu zetu Waislamu wako na neno kali zaidi. Mu hadithi zenye Bukhari na Muslim waliandika, Mtume anamulaani mwenye kuchora tatuwaji na mwenye kuchorwa, juu ni kugeuza uumbaji wa Mungu. Kwa hiyo walimu wao wengi wanakataza tatuwaji ya kudumu, lakini hina inaruhusiwa kwa mwanamuke, maana inapita. Lakini hata pale, mutu mwenye alichorwa mbele ya kuingia mu Uislamu hahesabiwi makosa ile, na hawamulazimishi kujiumiza kusudi aifute. Ona basi: hata wenye kukataza kabisa wanajua kumutofautisha nkambo na kijana. Sisi wenye tunasema tuko mu neema, tunashindwa?

Neno moja, vitu vitatu

Kosa kubwa la mahubiri yale, kwa kuona kwangu, ni kuweka vitu vitatu mu kitunga kimoja.

Kitu cha kwanza ni chale za ukoo na za urembo, zenye nkambo iko nazo. Kitu cha pili ni chale za dawa. Mutu anaenda kwa nganga, anachanjwa pa kifua ao pa mukono, wanapakaa unga mweusi mu damu. Kwetu huku, kuko vijana wenye kuchimba mawe kwa mukono wenye wanafanya vile kusudi shimo lisiwaangukie, ao kusudi wakute jiwe la bei. Kitu cha tatu ni tatuwaji ya sasa: jina, ua, nyota ya mupira, sura ya Yesu.

Kama imani inauliza "wewe ni wa nani?", basi kitu cha pili njo kinagusa mustari wa Walawi sawasawa. Mutu anaweka tumaini lake mu unga badala ya Mungu. Lakini chale ya dawa ni ndogo, inafichwa chini ya shati. Hakuna mutu alitoka mu koro juu yake. Nimesali mu makanisa mingi ya Kapata, na sijasikia bado mahubiri yenye yaliiuliza. Tunapiga alama yenye kuonekana, tunaacha ile yenye kufichwa. Ile si kulinda imani, ni kulinda macho yetu.

Na Kiswahili chetu chenyewe kinatufundisha. Neno ni moja: kuchanja. Nganga anachanja, mama mukubwa wa kijiji alikuwa anachanja, na munganga wa hospitali anachanja. Wazee wengi wa hapa wako na kovu la muviringo pa mukono, kovu la chanjo ya ndui. Ngozi ilikatwa, alama ikabakia mpaka kifo. Hakuna mutu anasema ni ya shetani, maana wote wanajua iliwekwa juu ya nini. Basi kumbe tunajua kuuliza "juu ya nini" wakati tunataka.

Heshima kwa muti, haya kwa nyama

Sasa nizungumuze kidogo juu ya sanaa, maana kitabu hiki ni cha desturi na tusiache upande ule.

Kachokwe wako na mufano wa uso wa muti wenye wanaita Pwo, ao Mwana Pwo, mwanamuke, mama wa zamani. Wanaume njo wanaucheza. Ni uso wa utulivu: macho yamefungwa nusu, mudomo mwembamba, meno yanaonekana kidogo. Pa kipaji kuko alama ya musalaba, jina lake cingelyengelye. Chini ya macho kuko mistari yenye wanaita masoji, maana yake machozi. Ile mistari inafanya uso mutulivu uwe tena uso wa mama mwenye aliona mateso. Ondoa zile alama, utabakia na uso muzuri tu, hauna historia. Fundi alizichonga kwa uangalifu sawa vile alichonga macho, maana kwake zilikuwa sehemu ya uso.

Waluba nao, viti vya wafalme wao vinabebwa na mwanamuke wa muti, na tumbo na mugongo wake umejaa chale zenye kupangwa muzuri. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, mu kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya sanaa ya Waluba, walionyesha kama zile alama zinaendana na lukasa, ule ubao wa shanga wenye wazee walikuwa wanapapasa kwa vidole wakati wanahadisia mambo ya wafalme. Ilikuwa namna ya kuandika. Mwili wa mama ulikuwa ukurasa.

Vitu vya namna ile viko leo mu museo ya Lubumbashi, na mingi zaidi viko Tervuren, kule Ubelgiji. Watu wanalipa kuingia, wanasimama kimya mbele ya vioo. Na hapa Kapata, mwanamuke wa nyama na damu mwenye kubeba alama ile ile anavuta kitambaa mbele ya watu wa Mungu. Alama ni ya heshima pa muti, ni ya haya pa kipaji. Mimi hapo nashindwa kufahamu.

Tena kuko neno lenye lilinishangaza. Wachunguzi wa sanaa ya Kachokwe, mumoja wao Marie-Louise Bastin, wanasema kama cingelyengelye inatoka ku musalaba wa Wareno, wa shirika lenye wanaita la Kristo. Mu miaka ya 1600, watawa walikuwa wanagawanya medali za musalaba ule mu inchi za Angola. Watu walizivaa mu shingo, kisha alama ikaingia mu vyombo, mu mifano ya uso, na mu ngozi. Kama ni vile, basi kile chenye muhubiri aliita alama ya shetani pa kipaji cha nkambo kilianza kama musalaba wa Yesu. Kachokwe waliupokea, wakaupa jina lao, wakaupa maana yao. Sisemi kama kila mwenye kuuchanja alimujua Kristo. Nasema tu kama historia ya alama ni ndefu kuliko mahubiri ya dakika makumi ine.

Kuuliza mbele ya kuhukumu

Karibu na sisi, ku Ruwe, mu mwaka 1953, padri Placide Tempels alianza kazi mupya kati ya watumishi wa kampi, yenye ikakuwa Jamaa. Ule Mufransisko alikuwa amekwisha kuandika kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu mu 1945. Wengi walikilaumu kitabu kile, na laumu zingine ni za haki: alizungumuza juu ya Wabantu wote sawa mutu mumoja. Lakini yeye mwenyewe alieleza kama mu miaka yake ya kwanza huku alikuwa anasimama mbele ya watu sawa bwana mukubwa, mwenye kujua yote. Kisha aligeuka, akaanza kuuliza: wewe ni mutu gani, unatamani nini? Kwa kuuliza njo alikuta watu. Mahubiri yenye nilisikia ni ya Tempels wa kwanza, yule wa mbele ya kuuliza.

Basi mimi nilienda kumuuliza nkambo, ku nyumba yake, na binti yake alikuwa pale. Nilimuambia: "Nkambo, usinikasirikie, nataka unihadisie alama." Alicheka, kisha alinyamaza kidogo, akasema:

"Mutoto wangu, njo bananikata nilikuwa mudogo, nililia sana. Mama alinishika mikono. Alisema: sasa batu batajua uko mutoto wa nani. Kisha nikakomaa, nikabatizwa. Siku ya Kipaimara, askofu alipakaa mafuta hapa, pa juu ya alama. Hakuuliza kitu. Mafuta iliingia mu alama. Sasa huyu mutoto wa juzi ananiambia niko wa shetani? Ile mafuta alitosha nani?"

Sikuwa na jibu. Binti yake naye, mwenye alimuleta mu kanisa ile mupya, alinamisha kichwa.

Neno kwa sisi wenye kupenda desturi

Nisimulaumu muhubiri peke yake. Sisi wa vyama vya desturi tuko na kosa letu: tunasifu kila kitu cha zamani. Nkambo alisema alilia na mama alimushika mikono. Mutoto hakuulizwa. Kisu kimoja kilipita kwa watoto mingi, na vidonda vingine vilioza. Sitaki turudishe chale kwa wajukuu wetu. Ile desturi imekwisha, na kuisha kwake si hasara yote. Kuheshimu alama ya nkambo haiko sawa na kumukata mujukuu.

Na kwa kijana mwenye kutaka tatuwaji: hapa njo ile hekalu inarudi. Sindano yenye imetoka kwa mutu mwingine inaweza kukuletea ukimwi ao epatiti B. Mwenye kukuchora pembeni ya barabara, uliza sindano ni mupya? Ulikuwa na akili zako siku ile, ao ulikuwa umekunywa? Wazazi wako wanajua? Jina la muchumba wa mwaka huu, mwaka kesho utaliweka wapi? Na kama unatafuta ile alama ikulinde mu shimo ao ikupe bahati, basi acha, maana umekwisha kupita mupaka, hata kama ni sura ya Yesu. Musalaba wenye unafanya kazi ya nganga ni dawa tu sawa dawa ingine.

Kwa hiyo, kwa swali la kichwa, jibu langu ni hili. Imani ya Kikristo haikatazi alama kwa sababu ni alama. Inakataza kumupa mungu mwingine mwili wenye ni wa Bwana, na inakataza kuuharibu bure. Mwenye kuwa na zamiri nzito na aache, atakuwa amefanya muzuri. Mwenye kuwa nayo tayari asifukuzwe. Na muchungaji mwenye kukata neno hili, mbele ya kufungua Walawi, amwite mutu pembeni amuulize: iliwekwa juu ya nini?

Kama wangemuuliza kijana yule, angewaambia kama mama yake alikufa na hakuna picha yake ilibakia mu nyumba. Ile jina njo picha. Mustari unakataza kujikata juu ya wafu, ni kweli, na muchungaji angeweza kuzungumuza naye vizuri juu ya kilio na tumaini la ufufuko. Yale mazungumuzo hayakufanyika. Alipewa mulango tu.

Naomba vitu viwili. Kwa wachungaji wa Kapata: mumurudishe kijana mu koro, na mumuombe nkambo ahadisie mbele ya watu, kama anapenda. Kwa chama chetu: tuchukue daftari na kalamu, twende kwa wanamama wenye kubakia na chale, na kwa ruhusa yao tuchore kila alama, tuandike jina lake na maana yake. Hawako wengi tena. Kila mara tunazika mumoja wao, tunazika ukurasa wenye hakuna mutu alisoma.

Yenga yenye ilipita nilimuona nkambo tena pa benchi yake. Kitambaa kilikuwa bado chini.